Je, Wajua? Gari Limesimama, Mkanda Unakimbia

Je, wajua kwamba gari lako likiwa limeegeshwa, fenibelti inaweza kukimbia kilomita 85 kwa saa? Chukua puli ya krenki yenye kipenyo cha sentimita 15, injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha piga hesabu mwenyewe. Usain Bolt, kasi yake kubwa kabisa haikufika 45!

Mkanda huo una unene wa milimita chache tu. Lakini ndio unaozungusha altaneta, kompresa ya AC na, kwa magari mengi, pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri inawaka na injini inaanza kuchemka. Simama papo hapo!

Umewahi kusoma maandishi ya mgongoni mwake? 6PK1900 maana yake matuta 6 na urefu wa milimita 1,900. Karibu mita mbili za mpira, zimejikunja humo ndani!

Zamani gari lilikuwa na mikanda miwili, mitatu. Ford Mustang ya 1979 ikaja na mmoja mrefu, unaopinda puli hadi puli. Na Citroën 2CV ya 1948? Haikuwa nao kabisa!

Sasa sogea karibu, hapa ndipo patamu. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka: ukiona nyufa 3 kwenye tuta moja, ndani ya sentimita 7 na nusu, asilimia 80 ya maisha yake imekwisha. Ya siku hizi, ya mpira wa EPDM, haipasuki ovyo. Inalika kimyakimya, kama soli ya kiatu. Matuta yakipungua asilimia 5 tu, mkanda unaweza kuanza kuteleza, nawe ukiutazama unauona mpya!

Mkanda unalia? Fundi hunyunyiza maji kidogo upande wa matuta. Sauti ikipotea kwa muda, puli hazijanyooka. Ikizidi, mkanda umelegea. Maji tu, na jibu unalo!

Mikanda mingi ya EPDM hufika kama kilomita 160,000, ila neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako. Umeshapita 100,000? Zima injini, iache ipoe, fungua boneti uyapapase matuta hayo leo.