Tamu ya daktari si tamu ya mgonjwa

Msomaji, hebu hesabu ni mara ngapi tangu asubuhi umelitamka neno "tamu". Usingizi wa alfajiri, ule unaokatizwa na honi za matatu, ulikuwa mtamu. Chai ilikuwa tamu. Wimbo wa redioni ulikuwa mtamu, na kondakta mwenye maneno matamu akakutoza nauli ya juu huku ukicheka. Mchana ulikula nyama ukasema ni tamu, ingawa haikutiwa hata chembe ya sukari. Neno moja limefanya kazi tano na hakuna aliyekuelewa vibaya.

Sasa lichukue neno hilo ulipeleke kliniki. Mgonjwa amepimwa damu, amepatikana na kisukari, na anaambiwa: "Kuanzia leo uache vitu vitamu." Anaitikia kwa kichwa, anachukua tembe zake na kwenda zake. Je, amesikia nini?

Tuseme mgonjwa huyo ni mama yako mzazi, na nyumbani kwenu ni Asumbi, huko Rangwe katika kaunti ya Homa Bay, karibu na mpaka wa Kisii. Wengi wanaijua Asumbi kwa misheni yake ya Kikatoliki, shule ya wasichana na chuo cha walimu. Si kijiji cha watu wasiosoma. Lakini hata mwalimu mstaafu wa huko, akiambiwa jambo linalohusu tumbo lake, hulifikiria kwanza kwa Dholuo, na Dholuo kina neno lake: mit. Chakula mamit ni chakula kizuri kinywani, kiwe samaki, kiwe kuku, iwe asali. Wimbo nao huwa mamit. Kwa hiyo Kiswahili na Dholuo vimekubaliana katika jambo hili: utamu si wa sukari peke yake, utamu ni kupendeza. Hata neno letu "ladha" tulilolipata kwa Waarabu, asili yake huko ni raha na furaha, si ulimi tu.

Basi mama anaweza kutoka kliniki na moja kati ya maana mbili. Ya kwanza ni kwamba amekatazwa kila kinachopendeza. Atakula mboga zilizochemshwa kwa maji matupu, atanuna, na baada ya wiki mbili atasema heri kufa ameshiba. Ya pili ni kwamba amekatazwa sukari ya kwenye chai, basi. Ataacha kijiko cha sukari kwa uaminifu mkubwa, kisha jioni atakula bonge la ugali linalowatosha watu watatu, maana nani alisema ugali ni mtamu?

Maana hii ya pili ndiyo inayodanganya zaidi. Fanya jaribio dogo leo usiku. Chukua tonge la ugali mtupu, bila mchuzi, ulitafune polepole kwa muda mrefu bila kumeza. Utaona limeanza kuwa na utamu kwa mbali. Mate yako yana kimeng'enya kinachovunja wanga na kuugeuza sukari, na kazi hiyo huendelea tumboni hadi wanga wote uwe glukosi ndani ya damu. Ugali, chapati, viazi, wali na mkate mweupe vyote huishia huko. Ulimi hautambui, lakini damu inatambua. Hii haina maana kwamba mgonjwa wa kisukari asile ugali. Maana yake ni kwamba kipimo cha ugali ndicho cha kuzungumzwa: kiasi cha ngumi moja, na nusu ya sahani iwe mboga.

Kuna pia sukari zenye majina mengine. Ukanda huu ni wa miwa. Kiwanda cha Sony kilianzishwa Awendo, Migori, mwaka 1979, na hadi leo vinu vidogo vya kutengeneza sukari nguru havikosekani katika sehemu hizo. Utasikia watu wakisema sukari nguru haidhuru kwa kuwa ni ya asili, haikupitia kiwandani. Si kweli. Ni sukari ile ile ya miwa pamoja na madini kidogo na rangi. Asali nayo kwa Dholuo huitwa mor kich, yaani mafuta ya nyuki, jina ambalo halitaji utamu hata kidogo. Mgonjwa aliyekatazwa "sukari" haoni ni kwa nini akatazwe mafuta ya nyuki. Kisukari hakijali jina. Asali ni glukosi na fruktosi, na hupandisha sukari ya damu.

Tukiwa hapo, ugonjwa wenyewe uligunduliwa kwa ulimi. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita mkojo wa asali, wakiona sisimizi wakiukusanyikia. Thomas Willis wa Uingereza, katika karne ya 17, aliuonja mkojo wa wagonjwa akaandika kwamba ni mtamu kama asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool akaonyesha kwamba kinachoutia utamu ni sukari, na kwamba sukari hiyo imo pia katika damu. Shukuru kwamba siku hizi tone moja la damu kidoleni na mashine ndogo vinatosha.

Lipo jambo lingine linalotokana na amri ile ya "usile vitamu", na hili linaweza kuua mtu kwa usiku mmoja. Mgonjwa anayetumia insulini, au tembe kama glibenklamidi, akikosa chakula, sukari yake huweza kushuka mno. Anaanza kutetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, anasikia njaa kali, anazungumza mambo yasiyoeleweka kama mlevi. Hapo ndipo jamaa husimama wakamzunguka na kusema: "Asipewe sukari! Ana kisukari!" Wengine humwombea, wengine humlaumu kwa kunywa pombe.

Msomaji, kumbuka hili hata ukisahau yote mengine. Mtu huyo, akiwa bado anaweza kumeza, anahitaji sukari mara moja: vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida. Akipata nafuu baada ya dakika 15, ale chakula. Asipopata, apewe tena. Akiwa amezirai usimmiminie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Aliyeambiwa "usiguse kitamu maisha yako yote" hakuambiwa habari hii, na familia yake haikuambiwa. Katika Dholuo neno kech ni njaa, na ukichungu pia ni kech. Mama akisema kech anatetemeka, usicheke kwamba ametoka kula sasa hivi. Mpime.

Tuache sukari tuingie jikoni, kwa chumvi. Mswahili wa pwani humsifu mpishi kwa kusema chakula kimekolea. Kisichokolea ni chapwa, ni dufu, na hakuna mke wala mume anayependa kusikia maneno hayo mezani. Daktari akisema "punguza chumvi" kwa sababu ya shinikizo la damu, mpishi husikia "upike chapwa". Ndiyo maana agizo hili huvunjwa kuliko mengine yote. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo katika mkate, samaki waliokaushwa kwa chumvi na viungo vya pakiti vya mchuzi. Ukihesabu hivyo, wengi wetu huwa tumeimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Na hapa ulimi hudanganya tena. Mboga za kienyeji za Nyanza, kama osuga ambayo ni mnavu, dek ambayo ni mgagani, na apoth ambayo ni mlenda, nyingi hupikwa kwa magadi ili zilainike upesi na kubaki na rangi ya kijani. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha shinikizo. Zaidi ya robo ya uzito wa magadi ya dukani yanayotumiwa kuokea keki ni sodiamu. Mama anayekula mboga kila siku kwa ajili ya afya, akiziwekea magadi kila siku, huenda anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Wazee wengine hutumia maji ya majivu yaliyochujwa. Hayo yana potasiamu nyingi zaidi kuliko sodiamu, na kwa mwenye figo dhaifu potasiamu ni hatari kwa moyo. Kama figo za mzee wenu zina shida, swali la majivu lipelekwe kwa daktari.

Afadhali ile njia nyingine ya huko huko: mboga chungu kuchemshwa, maji ya kwanza kumwagwa, kisha kutiwa maziwa na kuachwa jikoni zichemke polepole, hata zilale na kupashwa moto kesho yake. Maziwa hutuliza uchungu, na chumvi kidogo inatosha. Binafsi sijaona mboga za hoteli za mjini zinazozikaribia. Limau, nyanya, kitunguu na dania husaidia pia. Ukipunguza chumvi kidogo kidogo, ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na kile ulichokula zamani kitakuwa chumvi tupu kinywani.

Wajapani wanalo neno linalofanana na tamu yetu. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda alichemsha mwani wa supu akatoa humo glutamati, akaipa ladha yake jina umami, kutokana na neno lao la chakula kitamu. Ndiyo ladha ya tano, baada ya tamu, chumvi, chachu na chungu. Imo katika nyama, nyanya zilizoiva na dagaa waliokaushwa. Mwanamke wa Homa Bay anayetia omena wachache katika mboga ili "zipate utamu" anafanya kile kile bila maabara, ila awaoshe kwanza kama walikaushwa kwa chumvi.

Labda shuleni ulichora ramani ya ulimi: utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu kando. Ifute. Ilitokana na kusomwa vibaya kwa kazi ya Mjerumani mmoja ya mwaka 1901, na imethibitishwa kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huonja ladha zote.

Uchungu nao una mambo yake. Kwa Kiswahili mjamzito hushikwa na uchungu, mfiwa huwa na uchungu, na mwarobaini ni mchungu. Pengine ndiyo sababu tunaamini kwamba dawa ya kweli ni lazima iwe chungu. Kizazi kilicholelewa kwa kwinini na klorokwini hakiwezi kufikiri vingine, na ukanda wa ziwa umejaa malaria. Lakini tangu mwaka 2009 kuna tembe za malaria za watoto zinazoyeyuka katika maji na zenye ladha ya tunda, na zinaponya sawa na zile chungu. Mtoto akipewa dawa tamu usimwongezee ya mitishamba "ili ipate nguvu". Jambo la kuogopa ni jingine: ataidhania peremende. Iweke juu, mahali asipofika.

Je, kinywa kikiwa kichungu bila kula kitu? Watu wengi husema hiyo ni malaria na kununua dawa dukani. Yaweza kuwa malaria. Yaweza pia kuwa meno na fizi, tindikali inayopanda kutoka tumboni, ini, mimba changa, au dawa unayotumia: metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, na kaptopril ya shinikizo la damu huweza kuharibu ladha. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema kama ni malaria.

Na chakula kikipoteza ladha kabisa, mara nyingi si ulimi bali ni pua. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu. Mwaka 2020 Korona iliwafundisha hilo watu wengi, walioshindwa kutofautisha kahawa na maji ya moto. Wazee hupoteza nguvu ya kunusa taratibu, wala hawasemi wamepoteza kitu. Husema tu kwamba mpishi wa siku hizi hajui kupika, kisha huongeza chumvi. Kama kikombe cha nyanya kimezidi sukari, au anakula samaki aliyeanza kuharibika bila kutambua, usimgombeze. Mwangalie pua na meno yake, na dawa anazotumia.

Mwisho wa mwezi huu, unapojiandaa kupanda basi la Homa Bay, utafanya kama tulivyozoea sote: kilo mbili za sukari, majani ya chai, mkate mrefu, mafuta ya kupikia. Kama mama ana kisukari, badala ya sukari peleka ndengu, njugu karanga na omena wasio na chumvi, na pakiti moja tu ya sukari ikae kabatini kwa ile shughuli ya kutetemeka usiku. Anayelala naye nyumbani aonyeshwe ilipo. Halafu kaa naye mkitaja vyakula kimoja kimoja kwa jina, kwa Dholuo: kuon kiasi gani, nyuka ya asubuhi kikombe kipi, chai vijiko vingapi, ndizi ngapi kwa siku. Neno "vitamu" msilitumie kabisa.