Motokaa ya Mashindano na Injini Yake

Kua, katika kisiwa cha Juani, si mahali pa motokaa. Njia zake hupita kati ya magofu ya mji wa kale, na mtu atakaye kwenda Chole au Utende hushuka pwani kutafuta chombo. Lakini mlio wa injini hausikiki kwa nadra huko, maana siku hizi vyombo vingi husukumwa na mashine iliyofungwa tezini. Basi mtoto aijuaye mashine hiyo amekwisha kujua nusu ya habari hii.

Mwaka wa 1969 kiwanda cha Nissan cha Japani kilitoa motokaa mpya ya mwendo wa kasi, na katika nchi za ng'ambo ikauzwa kwa jina la Datsun 240Z. Ilikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Pua yake ni ndefu, mgongo wake wateremka mpaka nyuma, na yote imelala chini karibu na ardhi. Mtu akiitazama mara ya kwanza angesema kwamba ni chombo cha njia za lami, na kwamba kikikutana na tope la Afrika kitakwama mara moja.

Tope lenyewe lilikuwa linangoja. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka wa 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakafanywa wakati wa Pasaka, nayo masika yakianza. Udongo ukilowa waweza kumeza gurudumu zima. Mwaka wa 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza 7. Mwaka wa 1968 zilianza 93, zikamaliza 7 vile vile.

Sasa itazamwe injini. Ndani ya kila injini ya petroli mna silinda, yaani mwanzi wa chuma, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Katika motokaa kazi yake ni ya hatua nne. Pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hupanda na kuishindilia. Cheche ya plagi huiwasha, nayo huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Katika hatua hizo nne ni moja tu iletayo nguvu. Mashine nyingi ndogo za mashua hufanya kazi hiyo yote kwa hatua mbili, na ndiyo sababu wenye mashua huchanganya oili katika petroli, na moshi wake hutoka na rangi ya buluu. Motokaa ina oili yake mbali, isiyochanganywa na petroli.

Injini ya 240Z ilikuwa na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Kila silinda ilikuwa na upana wa milimita 83, na pistoni ilisafiri milimita 73.7 tu. Silinda zote pamoja zilichukua karibu lita 2.4, na hiyo ndiyo maana ya 240 katika jina lake. Pistoni yenye safari fupi yaweza kwenda mbio bila kujiumiza. Injini hiyo ilipofikia nguvu yake kamili, nguvu za farasi 150 hivi, mhimili wake ulizunguka mara 5,600 kwa dakika. Yaani kila pistoni ilipanda na kushuka zaidi ya mara 90 katika sekunde moja! Hesabu hiyo ni sawa na mashine 10 za mashua zenye nguvu za farasi 15 kila moja. Tena, kwa kuwa silinda sita huwaka kwa zamu, mmoja ukikoma msukumo mwingine umekwisha kuanza, na injini haitetemeki sana.

Watu hupenda kuuliza motokaa ya namna hii yaenda mbio kiasi gani. Yaweza kufikia kilomita 200 hivi kwa saa, lakini mbio hizo zafaa nini mtoni? Lililofaa zaidi ni kwamba injini ilikuwa ya chuma kizito, haina mambo mengi ya kuharibika, na kila gurudumu lilikuwa na springi yake peke yake, hata moja likiingia shimoni jingine halivutwi nalo.

Mwaka wa 1971 ikaja Safari. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekaa Kenya, akashinda pamoja na Hans Schüller katika 240Z. Pua ya motokaa yao ilipakwa rangi nyeusi ili jua lisimchome dereva macho. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta pamoja na Mike Doughty, nao katika 240Z.

Mehta huyo alizaliwa Uganda mwaka wa 1945. Mwaka wa 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na Mehta akafanya makao yake Kenya. Mwaka wa 1973 akaingia tena mashindanoni na 240Z, pamoja na Lofty Drews. Katika Safari dereva achelewaye huandikiwa alama za makosa, na mwenye chache ndiye mshindi. Walipofika mwisho, alama za Mehta zilikuwa sawasawa na za Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Baada ya maelfu ya kilomita hapakuwa na tofauti hata ya alama moja. Waamuzi wakatazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa kosa lake la kwanza, wakaona ni Mehta.

Alishinda tena mara 4 mfululizo, tangu 1979 hata 1982, katika motokaa za kiwanda kile kile. Lakini hizo zilikuwa na silinda 4 tu.