Lami huzibwa kiangazi

UFA mwembamba kwenye lami huonekana si kitu wakati wa kiangazi. Lakini mvua za Kigoma zinapoanza, kwa kawaida Oktoba au Novemba, maji hupenya chini, udongo hulainika na malori hufumua shimo.

Kinga ni kuziba nyufa na kupaka lami nyepesi juu, barabara ikiwa bado nzima na kavu. Shimo likishatokea, kupaka hakusaidii. Lazima kuchimba na kujenga upya.

Hapo msafirishaji wa dagaa wa Kibirizi au mawese ya Ujiji hudai nauli kubwa, na mkulima hupunjwa bei. Wakati kila lita ya dizeli inakatwa tozo ya Mfuko wa Barabara, matengenezo ya mapema si hisani, yameshalipiwa.