Mabingwa wa Anga: Viwanja vya Ndege Ambako Hali ya Hewa Ndiyo Mkubwa wa Kazi

Viwanja vikubwa vya ndege hushindana kwa maduka na wingi wa abiria. Shindano lenyewe hasa liko mikoani, milimani na visiwani, ambako rubani akiamka huuliza kwanza upepo unavuma kutoka wapi, na wingu moja linaweza kufuta safari ya siku nzima. Hawa hapa mabingwa wangu: kwanza viwanja vitano, kisha upepo na radi ambazo kila rubani huziogopa.

1. Uwanja wa abiria wa juu kuliko vyote: Daocheng Yading, China, mita 4,411

Kilele cha Mlima Meru kina mita 4,566. Teremka mita 155 tu kutoka kileleni, hapo ndipo kimo ambacho ndege za abiria hutua Daocheng, jimbo la Sichuan. Mpanda Kilimanjaro anayelala Horombo, mita 3,720, bado ana karibu mita 700 za kupanda ili alingane na abiria wanaosubiri mabegi yao kule! Uwanja ulifunguliwa mwaka 2013 ukaivua taji Qamdo Bamda ya Tibet, yenye mita 4,334. Tofauti ni mita 77, na taji ni taji.

Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, kanieneo yake ni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Injini hukosa pumzi, mabawa hukosa cha kuegemea, na ndege hulazimika kukimbia sana kabla ya kuinuka. Ndiyo maana njia ya kurukia ina mita 4,200: viwanja 40 vya mpira vilivyopangwa goli kwa goli.

2. Njia fupi kuliko zote za ndege za abiria: Kisiwa cha Saba, Karibiani, mita 400

Mzunguko mmoja wa mbio pale Kasarani. Hiyo ndiyo njia nzima, na kila mwisho wake ni jabali linaloangukia baharini.

3. Njia ya mteremko wa kutisha: Lukla, Nepal, asilimia 11.7

Lukla ina mita 527, ndefu kuliko Saba, lakini imelala mshazari. Ncha ya juu imeipita ya chini kwa takriban mita 60, sawa na jengo la ghorofa 20. Ndege hutua ikipanda, mlima ukisaidia breki, kisha huruka ikiteremka kuelekea bondeni. Rubani akishakaribia hawezi kughairi, kwa kuwa mbele yake ni ukuta wa mlima. Kwa hiyo kazi hufanywa asubuhi, kabla jua halijaamsha upepo na mawingu ya mabonde. Wingu likiwahi kufika, wapandaji wa Everest hukaa juu ya mizigo yao wakiingoja kesho. Na ndege zenyewe hubeba abiria wasiozidi 20 hivi, ambao hawaijazi hata Coaster moja.

4. Upepo uliogharimu kuliko wote: Saint Helena, Atlantiki ya Kusini

Kisiwa hiki kiko karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya Afrika. Waingereza walimfungia huko Napoleon na, karne moja baadaye, Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, aliyepigana nao mwaka 1896 vita vifupi kuliko vyote katika historia, vya dakika zisizozidi 45. Mwenye rekodi alipelekwa kwenye kisiwa cha rekodi.

Uwanja wa ndege ulijengwa kwa pauni milioni 285, kwa wakazi kama 4,500. Wakiingia wote Uwanja wa Mkapa, wangekalia kiti kimoja kati ya 13. Aprili 2016 ikaja Boeing 737 ya majaribio, na upepo ukaonyesha ubabe wake: unayagonga majabali, unageuka ghafla kasi na mwelekeo, pale pale ndege inapotaka kugusa chini. Safari za ratiba zikasubiri hadi tarehe 14 Oktoba 2017, ilipotua Embraer, ndege ndogo kuliko ile iliyokusudiwa. Jiwe na upepo viliishinda bajeti kwa zaidi ya mwaka mzima.

5. Ratiba pekee inayopangwa na bahari: Barra, Uskoti

Huu mtu wa pwani atauelewa kuliko mhandisi yeyote. Njia tatu za kurukia ziko ufukweni, zimewekewa alama za nguzo, na maji yakijaa zote zinazama. Ndege za ratiba hutua maji yakipwa, kwenye mchanga mtupu kama ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani hushuka kutunza mwani wao. Bamvua au maji mafu, rubani lazima ajue. Hakuna uwanja mwingine duniani wenye safari za ratiba za namna hii!

6. Upepo mkali kuliko wote uliopimwa, ukiacha wa tornado: Kisiwa cha Barrow, Australia, kilomita 408 kwa saa

Ulipimwa tarehe 10 Aprili 1996, wakati wa kimbunga Olivia. Caravan, ile ndege ndogo inayotupeleka Mafia na Serengeti, hukimbia kama kilomita 340 kwa saa. Ikiukabili upepo ule uso kwa uso, injini ikivuma kwa nguvu zote, ingerudi nyuma.

7. Mabingwa wa radi: Marekani kwa urefu, Kongo kwa wingi

Oktoba 2017 mmweko mmoja ulianzia mashariki ya Texas ukaishia karibu na Kansas City, kilomita 829. Dar es Salaam hadi Nairobi kwa anga ni kama 670.

Kwa wingi, tazama mashariki ya Kongo. Unyevu wa msitu hupanda milima, joto la mchana huusukuma juu, na jioni nyingi mawingu hulipuka. Marubani hufundishwa kulikwepa wingu kali la radi kwa kilomita 37 hivi, kama Posta ya Dar es Salaam hadi Kibaha, lakini huko mawingu huja kwa msururu. Setilaiti zimehesabu katika eneo la Kabare mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka: karibu mmoja na nusu kwa kila uwanja wa mpira. Ni namba mbili duniani na namba moja Afrika. Taji linashikiliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye mimweko 233. Pengo ni 28.