Mutoto amechagua sport, muziki na teatre: je, ni masomo kweli?

Familia nyingi za kwetu ziko na mutoto, mupwa ao mujukuu mwenye anasoma Uingereza. Siku moja simu inalia. Mutoto wa miaka 14 anasema amechagua masomo yake ya miaka miwili yenye kuja, na kati yao kuna sport, muziki na drama, ni kusema teatre. Upande wa huku nyumba inanyamaza, kisha babu anauliza: "Tulimutuma kusoma ao kucheza?"

Ulizo la babu si la kuchekelea, sababu uchaguzi huo unafanyika mara moja na kuurekebisha kisha ni vigumu. Mu England, Kiingereza, hesabu na sayansi ni za lazima kwa kila mwanafunzi. Masomo mengine machache mutoto anayachagua yeye mwenyewe akiwa na miaka 13 ao 14. Akifika 16 anafanya mitihani yenye inaitwa GCSE. Haiko sawa na Exetat ya kwetu, yenye inakuja mwisho kabisa wa sekondari: kisha GCSE mwanafunzi anasoma tena miaka miwili mbele ya kuingia universite.

Jambo la kwanza lenye wazazi wengi hawajue: sport ya mutihani si kukimbia tu. Ndani ya pointi 100, pointi 60 zinatoka kwa karatasi, mwanafunzi akiwa amekaa na kalamu. Pointi 30 ni za kucheza, mu michezo mitatu tofauti, na 10 ni za kuchunguza namna mutu anacheza na kuonyesha fasi gani anaweza kuendelea. Wanaulizwa mifupa, misuli, moyo, mapafu, chakula. Mutoto mwenye anapiga mupira vizuri lakini hapendi kusoma atashangaa.

Sehemu yenye ingefaa kusomwa hata na makocha wa huku ni ile ya kuzuia kuumia. Wanafunzi wanafundishwa kama kupasha mwili moto kuna hatua. Kwanza kukimbia polepole, moyo upige haraka na damu ifike mu misuli. Kisha kuzungusha na kunyoosha viungo. Mwisho ni kurudilia mambo ya muchezo wenyewe: pasi, kuruka, kugeuka. Kwenye viwanja vingi vijana wanafanya kinyume: wanafika, wanaanza kurusha mashuti golini mwili ukiwa baridi. Ni hapo musuli wa nyuma ya paja unapasukaka.

Mufano wenye umepimwa vizuri ni programu ya FIFA yenye inaitwa 11+. Ni mazoezi 15 yenye yanachukua karibu dakika 20: kukimbia, kutia nguvu mu misuli ya tumbo na mapaja, kusimama na muguu mumoja, kuruka na kutua. Haiombi mashine wala pesa. Mu Norvege watafiti waliifuata kwa wasichana 1,892 wenye miaka 13 mpaka 17, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008: timu zenye ziliifanya zilikuwa na majeraha makubwa karibu nusu ya zile zingine. Lakini kuifanya mara moja kwa mwezi hakusaidie kitu. Inaomba angalau mara mbili kwa juma.

Kwa nini walianza na wasichana? Sababu goti la musichana mwenye anacheza mupira liko katika hatari zaidi. Kano ya katikati ya goti inamukatikia mara mbili ao zaidi kuliko mvulana, na mara nyingi hakuna mutu mwenye amemugusa: ameruka, ametua, goti limeingia ndani, basi. Kupona kunaweza kuchukua karibu mwaka muzima, na wengine hawarudi tena kiwanjani. Njo maana wanafundishwa kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yakiangalia mbele. Ni jambo la kujifunza, sawa vile mutu anajifunza kupiga kona.

Na kama ajali imekwisha kufika? Vitabu vinafundisha mambo manne: kupumuzisha muguu, kutia barafu, kufunga na bande, kuuinua juu. Mashauri hayo yalitolewa mwaka 1978 na munganga wa Marekani Gabe Mirkin. Miaka mingi kisha, yeye mwenyewe alikuja kusema kama barafu inapunguza maumivu lakini inaweza kuchelewesha kupona. Kukanda kwa nguvu na maji ya moto siku ya kwanza, jambo lenye linafanyika sana kwetu, kunazidisha uvimbe. Na muchezaji mwenye amegongwa kichwa, akaonekana kuchanganyikiwa, anatoka kiwanjani na harudi siku ile, hata kama fainali imebaki dakika tano.

Upande wa muziki, mwanafunzi anaimba ao anapiga chombo, anatunga, tena anafanya mutihani wa kusikiliza. Moja ya vipindi vyenye wanasoma ni kile cha Romantiki, mu karne ya 19, wakati watungaji wa Ulaya walichukua mashairi na kuyatia mu wimbo wa mutu mumoja na piano. Franz Schubert wa Vienna alitunga nyimbo zaidi ya 600, na alikufa akiwa na miaka 31 tu. Mwaka 1815, akiwa na miaka 18, alitunga Erlkönig juu ya shairi la Goethe: baba anakimbiza farasi usiku, mutoto mugonjwa mikononi mwake, na roho mubaya anamuita mutoto. Mwimbaji ni mumoja, lakini sauti ni ine: musimulizi, baba, mutoto, na yule mwenye kuita. Piano haifuatishe tu, yenyewe njo farasi. Mwenye ameimba mu korali anaelewa mara moja kazi ya kubadilisha sauti mara ine ndani ya dakika zenye hazifike tano.

Kuumia kunarudi hata hapa. Mukono wa kuume wa mupiga piano, mu wimbo huo, unarudilia noti zile zile haraka bila kupumuzika, na wengi unawauma mbele ya kufika mwisho. Robert Schumann alitaka kuwa mupiga piano mukubwa, lakini kidole cha mukono wake wa kuume kiliharibika, akaacha. Akabaki na kutunga: mu mwaka 1840 peke yake alitunga nyimbo zaidi ya 100, mwaka ule ule wenye alimuoa Clara Wieck kisha kumushinda baba ya Clara kwenye tribinali.

Drama, walimu wengi wanaianzisha Ugiriki, sababu ni pale teatre ya Ulaya ilianzia. Athene, karne ya 5 mbele ya Yesu, watu walikaa mu mteremko wa kilima na kuangalia chini. Wachezaji wenye kusema walikuwa watatu tu, wote wanaume, hata kwa nafasi za wanawake. Kila mumoja alibadilisha kinyago na kuwa mutu mwingine. Pembeni kulikuwa kundi la watu 15 lenye kuimba, kucheza na kutoa mawazo ya raia. Hakukuwa mikro. Teatre ya mawe ya Epidaurus ilipokea watu karibu 14,000, na hata leo michezo inachezwa pale. Mauaji hayakuonyeshwa: mujumbe alikuja kusimulia.

Wanafunzi wanaona hapo namna ya kutumia mwili mbele ya watu wengi, ishara kubwa, pumzi, kimya. Lakini habari yenyewe pia ina uzito. Mu Antigone ya Sofokle, mufalme anakataza kuzika kijana mwenye aliupigania muji kutoka inje, na dada yake anaamua kumuzika hata kama atakufa. Kwa musomaji wa huku, habari hiyo haiombi maelezo marefu.

Turudi kwa babu. Kuchagua masomo haya hakumufungie mutoto mulango wa kuwa munganga ao injinia, sababu sayansi na hesabu ameendelea nazo. Lakini nafasi za kuchagua ni chache. Mwenye anachukua yote matatu pengine atakosa nafasi ya histoire, jeografia ao luga ingine. Na kwa miaka mingi, tangu 2010, shule za England zilipimwa na orodha ya masomo yenye haikukuwa na sanaa wala sport, na idadi ya wenye kuchagua drama ilishuka. Kwa hiyo ulizo la kumuuliza mutoto kwenye simu ni hili: ni somo gani umeacha ili uchukue haya, na uliongea na mwalimu gani mbele ya kutia sinyatire?