Bare ya gari: kuibadilisha mu parseli, lakini si chini ya kriki tu

Kamaradi anatoka posti ya usiku, anazima gari, anatuambia: "Inapiga ko-ko-ko ku mbele, na ku kona inalala sawa mutumbwi." Fundi wa kando ya barabara anamutuma anunue amortisere mbili. Tumeona hii mara mingi. Pesa inaenda, kelele inabaki.

Mbele ya kununua, tuangalie bare stabilizatrisi. Ni chuma kirefu, kimepindwa sawa herufi U, kinavuka chini ya gari toka gurudumu la kuume mpaka la kushoto. Gari ikilala upande moja mu kona, ile chuma inajipotoa na kuvuta upande wa pili usinyanyuke. Katikati inashikwa na mipira mbili, ku mwisho na biyeleti mbili, vile vijiti vyenye vichwa vya mviringo. Mu mashimo yetu, zenye kufa kwanza ni biyeleti na mipira. Bare yenyewe hukatika mara chache. Shika biyeleti na mukono, tikisa: ikicheza, njo ile.

Mangaribi ya mbele, mwangia bulo mafuta ya kutu. Nyanyua pande mbili sawasawa, juu gurudumu moja likining'inia, bare inabaki imekazwa na biyeleti haitoke. Ekru ikizunguka pamoja na mti wake, shikilia mti na kle ya pembe sita. Badilisha mbili pamoja. Mipira usipake grisi ya kawaida, inakula kauchu. Grisi ya silikoni njo yenyewe. Bride za mipira uzikaze mwisho gari ikiwa imesimama ku magurudumu yake.

Bare nzima ya nyuma, mu magari mengi, mutu anaweza kuitoa nyumbani. Ya mbele, mara mingi inalala juu ya berso yenye kubeba motere, na lazima kuishusha. Ile tuachie garaji yenye shimo. Hakuna haya.

Sasa kriki. Mu mine hakuna mwenye kuingia fasi paa haijashikwa. Tunagombana na mashefu juu ya ile. Kisha siku ya mapumuziko, mu parseli, tunalala chini ya zaidi ya tani moja yenye kushikwa na kriki moja, ku udongo. Kamaradi wetu moja, kriki yake iliteleza. Gari ikamuangukia bega. Bibi yake akakuja kwetu na makaratasi ya hospitali, tukashindwa kupeleka ile dosie: CNSS inaangalia ajali ya kazi na ya njia ya kwenda na kurudi kazini. Gari ya mu parseli haimo. Kumuambia vile mama mwenye watoto, haikuwa kazi nyepesi.

Kwa hiyo: fasi ngumu na sawa, ubao munene chini ya kriki, mawe nyuma ya magurudumu yenye kubaki chini, frei ya mukono, na shandeli mbili za chuma. Bloki za simenti hapana, zinapasuka bila kuonya. Gurudumu lenye umetoa, lilalishe chini ya gari. Sukuma gari na mukono mbele ya kuingia.

Sisi mu kona yetu tulichanga, tukanunua shandeli mbili. Zinazunguka parseli kwa parseli. Zikiwa kwa jirani, tunangoja zirudi.