Je, Wajua JPEG Hutupa Sehemu Kubwa ya Picha Yako?

Picha ya megapikseli 12 ina nukta milioni 12. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, faili lingefika megabaiti 36. Mbona simu yako inaonyesha tatu au nne tu? Sehemu kubwa ya zilizobaki imetupwa, na wewe hukushtuka.

Msingi wa ujanja huo uliwekwa na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Kansas, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuufanyia utafiti akanyimwa. Wazo lilionekana jepesi mno. Hakuliacha. Mwaka 1974 yeye na wenzake wawili walichapisha hesabu yao, na mwaka 1992 ikawa moyo wa JPEG, aina ya faili la picha.

JPEG hulijua jicho vizuri. Jicho ni kali kwa mwanga na kivuli, ila kwa rangi ni zembe. Kwa hiyo mwanga hutengwa na rangi, na mara nyingi nukta nne hugawana rangi moja. Kisha picha hukatwa vipande vya nukta nane kwa nane, na kwa hesabu ya Ahmed kila kipande huelezwa kama mchanganyiko wa ruwaza 64, kuanzia iliyo tulivu kabisa hadi ya mistari myembamba. Mchango wa ile myembamba hugawanywa kwa namba kubwa na kukadirishwa, mwingi ukawa sifuri, na msururu wa sifuri huandikwa kwa mkato. Ukipunguza “ubora” kwenye programu, unachoongeza ni hizo namba za kugawanyia.

Uso na mawingu hustahimili. Maandishi hayastahimili: kingo za herufi zinaihitaji mistari ileile iliyotupwa, ndiyo maana nembo iliyohifadhiwa kwa JPEG huzungukwa na madoa kama vumbi. Nembo ni kazi ya PNG, aina nyingine ya faili la picha, iliyotoka mwaka 1996 baada ya kampuni ya Unisys kudai malipo ya hataza iliyotumika katika aina ya zamani zaidi, GIF. PNG haipotezi hata nukta moja; lakini ukiipa picha ya harusi, faili hunenepa mara kadhaa na bando la msomaji wa tovuti yako ndilo linalolipa.

Kwangu mimi, hata hivyo, kosa baya zaidi tovutini halihusu aina ya faili. Ni kupakia picha yenye upana wa nukta 4,000 mahali penye nafasi ya 800. Ipunguze kwanza: nukta zinakuwa chache mara 25 kabla JPEG haijaanza kazi.